Sura ya Tisa: Upepo Kwanza, Kituo Baadaye

Anayepiga mbizi akihamia pwani nyingine, huanza kwa kuulizia kituo cha mbizi kilicho karibu na nyumba yake mpya. Namwelewa, lakini swali hilo huja mapema mno. Kituo kinaweza kuwa jirani kabisa, na bahari iliyo mbele yake isizamike miezi mitatu mfululizo. Kinaweza kukosekana pia, na huku mwamba mzuri umelala nusu saa ya mashua kutoka soko la samaki. Nimeona watu wenye vyeti vizuri na vifaa vya gharama wakikaa mkoa mpya mwaka mzima bila kulowesha miwani yao. Walikuta ofisi imefungwa mwezi wa Juni, wakahitimisha kwamba hapa hakuna mbizi.

Hapo palikuwa na kusi tu. Pwani ya Afrika Mashariki, kutoka Lamu hadi Mtwara, inaongozwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, ikitoka kaskazini-mashariki. Kusi hushika zamu kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, nayo hupiga kwa nguvu zaidi, huinua mawimbi nje ya miamba na kuusukuma mkondo wa pwani kwenda kaskazini kwa kasi. Katikati yake kuna maleleji, siku ambazo upepo haujaamua, na ndizo siku ambazo mzamiaji huzisubiri. Oktoba na Novemba, kabla kaskazi haijakaza, bahari hulala na jicho huona mbali.

Ukishajua hilo, ramani ya mkoa wako mpya inabadilika. Mtu aliyehamia Watamu mwezi wa Mei atakuta vituo vingi vimepandisha boti nchi kavu, kwa sababu kusi inapiga moja kwa moja kwenye mwamba wa nje na hakuna kisiwa cha kujikinga. Hapo ni ndani ya hifadhi za bahari zilizo miongoni mwa za mwanzo barani Afrika. Kenya ilizitenga Malindi na Watamu mwaka 1968. Mwamba upo palepale, kasa wapo palepale, ila mlango umefungwa hadi Agosti au Septemba. Aliyehamia Unguja mwezi huohuo ana bahati tofauti. Upande wa mashariki, Matemwe na kisiwa cha Mnemba, mawimbi yanaweza kumtapisha, lakini akivuka kwenda Nungwi au Kendwa, kisiwa kizima kinamkinga na upepo. Kwa hiyo katika kisiwa kimoja, kwa mwendo wa gari usiozidi saa moja, kuna bahari mbili, na kila moja ina majira yake.

Mvua nazo zina neno. Masika hushusha mito, na mto ukishuka huja na udongo. Pangani hutia kahawia maji ya karibu na mdomo wake, na Rufiji hufanya hivyo kwa ukubwa zaidi. Ila usiyadharau maji yenye ukungu. Upande wa magharibi wa Mafia, mbele ya Kilindoni, maji hayo yaliyojaa viumbe vidogo ndiyo yanayomleta papa potwe karibu na ufukwe kati ya Oktoba na Februari au Machi. Watafiti waliowafunga papa hao vifaa vya kutoa ishara waligundua kwamba wengi hawahami kabisa msimu ukiisha. Husogea kwenye kina na mbali kidogo, macho yetu yakawakosa. Upande wa pili wa kisiwa hichohicho, ndani ya Ghuba ya Chole, maji yanatoka bahari kuu na ni masafi. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza ya aina yake Tanzania, inazunguka upande huo wa kusini na mashariki. Aliyehamishiwa Kilindoni kikazi asikae akilalamikia rangi ya maji ya gatini. Apande bodaboda mpaka Utende.

Baada ya upepo, uliza maji. Hapa ndipo mgeni wa bara, hata mwenye cheti cha juu, hupotea zaidi, maana vitabu vingi vya mbizi huandikwa kwa bahari ambazo maji hupanda na kushuka kidogo. Kwetu wakati wa bamvua tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita tatu. Maji yote hayo lazima yapite mahali, na hupita kwenye milango ya miamba. Wavuvi wanahesabu kwa mwezi wa Kiislamu: mwezi mosi na mwezi kumi na tano ni bamvua, mwezi nane na ishirini na mbili ni maji mafu. Ukiwa na kalenda ya msikitini mfukoni tayari unajua wiki ipi mlango utapitika kwa utulivu na wiki ipi utakubeba. Tena wakati wa bamvua, saa hazibadiliki sana kutoka mwezi hadi mwezi: maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata husogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Mlango wa Kinasi, unaofungua Ghuba ya Chole kwenda bahari kuu, unaonyesha vizuri hesabu hii inavyofanya kazi. Maji yakijaa, bahari inaingia ghubani ikiwa safi, nawe ukiachia mkondo unaelea kuelekea ndani, penye mashua na nchi kavu. Makundi ya samaki hujipanga mlangoni wakisubiri chakula kinacholetwa. Maji yakipwa, ghuba nzima inajimwaga nje pamoja na mchanga wake, huoni mbali, na mkondo unakupeleka kwenye maji yasiyo na upande wa pili. Mahali ni pamoja, kina ni kilekile, tofauti ni saa chache. Kiongozi wa mbizi anayekwambia tutaondoka saa tatu kila siku, mwezi mzima, hajasoma bahari yake, na mimi nisingepanda boti lake.

Chini nako kunatofautiana kuliko tunavyodhani. Aliyezoea Unguja akipelekwa Pemba huona amebadilisha kisiwa tu, kumbe amebadilisha bahari. Unguja imekaa juu ya ukingo wa bara, na maji yaliyo kati yake na Bagamoyo hayana kina kikubwa. Pemba imetengwa na bara kwa mfereji wenye kina cha hadi mita 800 hivi. Ndiyo maana kwenye milango ya Njao na Fundu, na kuzunguka Misali, mwamba hushuka wima, buluu inakolea mpaka inakuwa nyeusi, na mzamiaji asiyeweza kushikilia kina chake hana mchanga wa kumpokea. Mbizi za burudani zina mpaka wa mita 40, na cheti cha mwanzo hukuruhusu mita 18. Unguja mchanga mara nyingi hukusimamisha wenyewe. Pemba unajisimamisha. Ukifika huko na mbizi zako chache, sema wazi, omba siku ya kwanza iwe ndani ya mwamba wa kina kifupi. Hakuna aibu katika hilo, na viongozi wazuri hukuheshimu kwa kusema.

Sasa watu. Kila mji wa pwani una mahali ambapo bahari huripoti kila asubuhi: Feri pale Dar es Salaam, Malindi pale Unguja, Deep Sea pale Tanga. Nenda, lakini usiende wakati mashua zinashusha samaki na mnada umepamba moto, maana hapo kila mtu ana haraka na swali lako ni usumbufu. Nenda baadaye, wanaposhona nyavu. Shikamoo yako iwe ya kweli, kaa, sema umehamia, sema unaishi wapi na unafanya kazi gani. Kisha uliza kuhusu miamba kabla hujauliza kuhusu kuzamia: fungu lipi lina chewa, wapi nyavu hunasa, wapi nanga haishiki kwa kina. Mahali nyavu zinaponasa pana mwamba, au pana chombo kilichozama. Mahali mshipi unapotoka na kolekole pana mkondo na ukingo. Nahodha mzee hatakupa namba za setilaiti, atakupa alama mbili za nchi kavu, mnazi huu uupangilie na paa lile, nawe ukifuata utafika.

Ujue pia kwa nini baadhi yao watakutazama kwa wasiwasi. Wamewahi kuona madema yao yamefunguliwa chini na watu wenye mitungi. Wamewahi kuona wageni wakibeba majongoo ya bahari kwa magunia. Wengine watakudhania mkaguzi. Wasiwasi huo una haki yake, na dawa yake ni mwenendo. Usiguse dema hata kama limekaa juu ya matumbawe, usipande na mkuki, usitoke na konokono wala gamba. Kama kijiji kina BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufukwe, kajitambulishe kwa mwenyekiti wake. Ukiwa Zanzibar anza kwa sheha, naye atakupeleka kwa kamati ya wavuvi. Watakwambia eneo gani limefungwa kwa ajili ya pweza na lini litafunguliwa. Mzamiaji anayejua tarehe hiyo na kuiheshimu hupata mashua kwa bei ya ujirani.

Nimeitaja Tanga, na nataka nikae hapo kidogo, kwa sababu ndiyo mfano wa mkoa ambao wazamiaji huuruka. Njia yao hutoka Dar kwenda Unguja na kurudi, na Tanga hubaki ya katani na machungwa. Mbele ya mji kuna Toten, Yambe na Karange. Kusini kidogo, Kigombe na Pangani, kuna mlolongo wa mafungu na miamba ambayo wavuvi wanayajua kwa majina moja moja. Mkoa huu uliteswa na baruti kwa miongo mingi. Bomu moja la chupa hugeuza matumbawe ya karne kuwa kifusi, na kifusi huviringika na kila wimbi, kisiruhusu tumbawe jipya kushika. Kuanzia mwaka 1994 vijiji vya Tanga vilikuwa miongoni mwa vya mwanzo nchini kukaa na serikali na kukubaliana kufunga baadhi ya miamba yao. Katikati ya muongo uliopita msako wa kitaifa ukapunguza milipuko kwa kiasi kikubwa. Ukizamia huko leo unaona vyote viwili, kifusi na ukuaji, mara nyingine kwenye mbizi moja, na kwangu hilo lina thamani kuliko bustani iliyokamilika. Mtu wa Tanga anaweza kurudi kwenye mwamba uleule kila Oktoba na kuona unapona au unashindwa.

Nje ya Ushongo kuna Maziwe. Kilikuwa kisiwa chenye miti, na mahali muhimu sana pa kasa kutagia Tanzania. Miti ikaisha, mawimbi yakala mchanga, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 maji yakijaa kisiwa hakipo tena. Kimebaki fungu linalochomoza maji yakipwa, na matumbawe yanayolizunguka ni hifadhi tengefu. Hapo ndipo hesabu ya bamvua inapokuwa muhimu hata kwa chakula cha mchana, maana ukikosea saa huna pa kukaa. Na ndani zaidi, kwenye mapango ya kina ambacho mtungi wa kawaida haufiki, anaishi silikanti, yule samaki ambaye sayansi ilimdhania ametoweka pamoja na dinosaria hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Tanzania wa kwanza alijulikana mwaka 2003, kusini huko Songo Mnara. Tanga baadaye walinaswa wengi kwenye nyavu za kina, na mwaka 2009 hifadhi ya bahari ikatangazwa kwa jina lake. Hutamwona. Lakini ukiwa mita 20 juu ya mteremko ule unajua nani yuko chini yako.

Vituo vya mbizi ni vichache upande huo, na ndivyo ilivyo Kilwa, Lindi na Mtwara. Hapo mkazi ana nafasi ambayo mtalii hana: muda. Kusanya wenzako wanne au watano wenye vyeti, wahandisi wa bandari, walimu, wauguzi, watu wa hifadhi. Panga wikiendi ya maji mafu mwezi wa Oktoba, mwite mwalimu na mitungi kutoka Dar au Unguja. Gharama ikigawanywa hubebeka. Dar yenyewe haina haja ya hilo. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vimetengwa tangu mwaka 1975, na boti la Masaki au Kunduchi hukufikisha kabla jua halijawaka.

Ukishakipata kituo, kikague. Cheti cha mwalimu uliza, iwe ni PADI, SSI, BSAC au CMAS, lakini usiishie kwenye karatasi ya ukutani. Omba kuona mtungi: kila mtungi umegongwa tarehe ya kupimwa kwa shinikizo shingoni mwake, na kipimo hicho kwa kawaida hurudiwa baada ya miaka mitano. Fungua kidogo, unuse. Hewa nzuri haina harufu. Ikinuka mafuta au moshi, weka chini. Zunguka nyuma uone mashine ya kujazia inavuta hewa kutoka wapi. Bomba lake likiwa jirani na jenereta, moshi unaingia mtungini, na ile gesi isiyonuka ya kaboni monoksidi chini ya mita 20 huua kwa kiasi ambacho juu kingekupa kichwa kuuma tu. Kisha uliza oksijeni ya dharura. Usiulize kama ipo. Omba kuiona ikiwa botini, ikiwa na barakoa, na ikifunguliwa itoe hewa. Kituo kizuri hufurahi kuulizwa. Kile kinachokasirika kimeshakujibu.

Swali jingine ni chumba cha mgandamizo, ambako mtu aliyepatwa na ugonjwa wa kuibuka haraka hurudishwa chini ya shinikizo ili naitrojeni itoke mwilini taratibu. Wazamiaji wa Tanzania kwa miaka mingi wameelekezwa Matemwe, Unguja. Piga simu mwenyewe uhakikishe kinafanya kazi wiki hiyo, na ujue utafikaje kutoka mkoa ulipo, kwa sababu kutoka Mtwara au Kilwa safari hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko mbizi yenyewe. Bima ya wazamiaji, mathalani ya shirika la DAN, hulipia usafirishaji huo, na bei yake kwa mwaka haifanani hata kidogo na bei ya ndege ya dharura.

Na kuna kosa la aliyehamia kutoka nyanda za juu. Mwalimu wa Lushoto aliyehamishiwa Tanga anazamia Jumapili asubuhi mara mbili, kisha jioni anapanda gari kwenda kuwaona wazazi. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mwili wake bado una naitrojeni ya ziada, na kila kona ya barabara ile ya mlima inapunguza shinikizo linaloizuia. Amepanda ndege bila kujua. Ushauri unaofuatwa ni saa 12 baada ya mbizi moja, saa 18 baada ya mbizi kadhaa, kabla ya kuruka au kupanda milima ya kiasi hicho. Kwa wa Arusha na Nairobi ni hivyohivyo. Zamia Jumamosi, Jumapili ogelea tu, Jumatatu safiri.

Je, uhamisho ukikupeleka mbali na bahari? Kigoma watu huenda wakisikitika, na sioni sababu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na kwenye miamba ya ufukweni maji yake siku nzuri yanashindana na ya Mnemba. Samaki wa miambani ni wa jamii ya sato, aina kwa mamia, wengi hawapatikani penginepo. Wapo wanaolea vifaranga kinywani, wapo wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Kuhe, mkubwa kuliko wote wa jamii hiyo, hulinda watoto wake jike na dume pamoja, na ukikaa kimya umbali wa kutosha watakuacha utazame. Wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya waliwajua samaki hawa kupitia watu kama Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akiwasafirisha kutoka Bujumbura. Sisi tuliozaliwa karibu nao wengi tumewaona mezani tu.

Ziwa lina masharti yake. Uso wake uko mita 773 juu ya bahari, hivyo kompyuta ya kuzamia iwekwe kwenye hesabu ya mwinuko, maana hesabu ya pwani itakudanganya. Maji matamu yanabeba kidogo kuliko ya chumvi, kwa hiyo punguza uzito wa mkanda. Wenyeji wakuambie wapi mamba na kiboko hupita, na jibu lao lisipingwe kwa sababu wewe hujawaona. Kichocho nacho kipo kwenye baadhi ya fukwe, hasa penye majani na maji yaliyotulia. Ingia kutoka kwenye mwamba, nenda ukapime wiki kadhaa baadaye, dawa yake ni rahisi. Mtungi ndio shida kubwa Kigoma, na anayepania kuishi huko miaka miwili mitatu na wenzake wachache afikirie kuchangia mashine ndogo ya kujazia.

Jambo la mwisho ni la mfukoni, na nalisema kwa uchungu kidogo, kwa kuwa linawafukuza vijana wetu kwenye maji yao. Bei za ukutani mara nyingi zimeandikwa kwa dola na kwa ajili ya mgeni. Uliza bei ya mkazi. Kwenye hifadhi za bahari kiingilio cha raia ni tofauti kabisa na cha mtalii, basi beba kitambulisho cha taifa, na ukiwa umehamia kutoka nchi jirani beba kibali cha ukaazi. Vituo vingi havitangazi punguzo hilo lakini hukubali, hasa miezi ya kusi ambapo boti zimelala na wafanyakazi wapo. Uliza vilevile kama wanafundisha wenyeji kuwa viongozi wa mbizi, kwa masharti gani, na wangapi wa kijijini wameshafuzu. Nungwi na Kendwa wapo waliotoka kwenye kuosha maboti hadi kuongoza mbizi, nao wanaujua mkondo wa pale tangu utotoni. Wakikupangia saa ya kuondoka, usibishane nao.